Vitambaa vya Meza ya Bwana

Katika kanisa hilo la Garissa hakuna aingiaye bila kufunguliwa mkoba. Awe mchungaji, awe bibi harusi, awe mgonjwa aliyekuja kuombewa, atasimama kwenye foleni langoni, wanaume kushoto na wanawake kulia, apitishiwe kifaa cha kunusa chuma, kisha mkoba wake ufunguliwe juu ya meza ya mbao na vilivyomo vionekane. Waumini wameizoea meza ile hata wanazijua siri ndogondogo za wenzao: nani hubeba dawa za presha, nani huja na chapati akidhani mahubiri yatakuwa marefu, nani Biblia yake bado inanuka duka. Wengi wao ni watu wa bara waliotumwa kaskazini kwa kazi, na mtu aliye mbali na kwao hujifunza kuishi akiwa amefunguliwa zipu.

Jumapili hiyo ya meza ya Bwana, Gatwiri alikuwa wa tano kwenye foleni, na hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa mwalimu wa gredi ya nne, Mmeru wa miaka arobaini na sita, mwenye sauti ya kuwanyamazisha watoto sitini bila kugonga dawati. Kwa miaka tisa yeye ndiye aliyefua vitambaa vya meza ya Bwana, kile kikubwa cheupe na vile viwili vidogo alivyovitarizi mwenyewe mashuke ya ngano ya manjano pembeni. Kazi hiyo haina cheo wala haitangazwi, lakini katika kanisa la watu mia na ishirini, mwanamke mwenye vitambaa vya meza ni mtu wa kuamkiwa kwanza. Tena safari hii alikuwa na sababu nyingine ya kuinua kidevu. Wiki mbili baadaye mume wake, Silas, alikuwa awekewe mikono kuwa mzee wa kanisa.

Kikapu chake cha siku zote kilikuwa kimekatika mkono. Asubuhi alichukua begi la buluu ambalo Silas alirudi nalo jana yake kutoka Meru, akatoa nguo zote za safari, akalipangusa ndani kwa kitambaa chenye maji, akavilaza vitambaa vyake humo vikiwa vimepigwa pasi. Mfuko wa ubavuni hakuugusa. Nani hugusa kila mfuko wa begi la mumewe akiwa na haraka ya kanisa?

Sahro aliugusa. Sahro ni askari wa akiba, Msomali wa papo hapo mjini, na mtoto wake yuko darasani kwa Gatwiri. Alitoa vitambaa kwa vidole viwili, akaviweka mezani kwa heshima kama alivyofanya kila mwezi, kisha akafungua zipu ya ubavuni na kutoa furushi la gazeti lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Hii nini, mwalimu?"

"Sijui, lakini fungua tu, Sahro. Mimi sina cha kuficha."

Sahro akafungua. Ndani kulikuwa na kofia ya ngozi, manyoya meusi kwa meupe, na usinga wenye mpini uliong'aa kwa kushikwa na mikono mingi. Akaviweka mezani kando ya vitambaa, kwa sababu mezani ndiko kila kitu huwekwa.

Foleni ya wanawake ilinyamaza kwanza, ya wanaume ikafuata. Dereva mmoja mstaafu, Mmeru wa Maua, alitazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Hiyo ni ya Njuri," alisema polepole, kama mtu anayelisoma jina kaburini. Akawaeleza wasio Wameru, kwa sauti ambayo yeye aliiona ni ya chini, kwamba Njuri Ncheke ni baraza kuu la wazee wa kwao, kwamba mtu haingii humo ila kwa kiapo, na kwamba asiyeingia, hata awe mke wa mtu, hajui kinachosemwa.

Gatwiri hakuhitaji kuelezwa. Babu yake alikuwa na kofia kama hiyo. Alichohitaji ni ardhi impe nafasi, lakini ardhi ya Garissa ni ngumu na haikufunguka. Silas alikuwa ameshaingia zamani kupanga viti. Alitoka kuona kwa nini watu hawaingii, akaona meza, akaona uso wa mkewe. Ningependa kusema alijikuna kichwa au alitafuta uongo wa haraka, kama wengi wetu tungefanya. Hakutafuta.

"Ni vyangu," alisema. "Mke wangu, Mama Kendi, hakujua."

Sahro alilifunga furushi upesi kuliko alivyolifungua. "Hakuna chuma," alitangaza, kana kwamba hilo ndilo watu walilotaka kujua, kisha akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali isiyo na p: "Bita, mwalimu. Bita."

Gatwiri alipita, lakini vitambaa havikupita naye. Caro, mke wa mchungaji, alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Aliviokota mezani kimoja kimoja na kumwambia kwa upole, "Leo niachie mimi, mwalimu." Upole ndio uliouma. Siku hiyo mkate na vikombe viliwekwa juu ya shuka la maua lililotoka chumba cha wageni cha mchungaji, na kila mtu aliyesogea mezani aliona lile shuka na kukumbuka kwa nini.

*

Mwanamke mwenye akili hamwulizi mume swali zito akiwa na njaa, maana atajibiwa na tumbo. Gatwiri alipika wali na maharagwe, akaandaa, akangoja Silas amalize, akatoa sahani. Mchana huo wa Garissa ulikuwa joto tupu. Feni ilizungusha hewa ileile ya moto kutoka ukuta hadi ukuta. Ndipo akaketi mbele yake.

"Uliniambia unaenda Meru kwa shughuli za shamba."

"Zilikuwa shughuli za shamba."

"Kofia ile ni ya kulimia?"

Silas hakucheka. Ni afisa wa mifugo, mtu wa maneno machache, amezoea kukaa na wafugaji wa Kotile na Diff siku nzima wakizungumzia ngamia mmoja. Alisema aliingia Njuri siku ya Alhamisi. Alisema hakumwambia kabla kwa sababu angemkataza, na baada ya hapo hakumwambia kwa sababu hangeweza.

"Uliapa?"

"Niliapa."

"Kwa jina la nani?"

Feni ikazunguka. Silas alitazama mikono yake.

"Hilo siwezi kukuambia, Mama Kendi."

Gatwiri alishikwa na uchungu ambao hakuutarajia. Alikuwa amejiandaa kwa hofu. Tangu utotoni alikuwa amesikia wahubiri wakisema kwamba kofia za aina hiyo zina pepo, na langoni alikuwa amengoja kuliogopa furushi lile, akashangaa kwamba haliogopi. Lilikuwa ngozi tu, tena lilinuka kama sebule ya babu yake. Kilichomuuma ni kingine. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amemfulia mtu huyu, amemzalia, amemwuguza malaria ya Diff mara tatu, na sasa ndani yake mlikuwa na chumba ambacho yeye hataruhusiwa kukifagia.

Silas aliona. Akatafuta maneno, akayapata machache.

"Yaliyosemwa kule siwezi kukwambia. Yale ambayo hayakusemwa naweza. Hakuna aliyeniambia nimkane Kristo. Kama angeniambia, ningerudi Garissa kwa miguu."

"Mimi nitajuaje?"

"Kwa kunijua."

"Nilidhani nakujua mpaka Sahro alipofungua zipu," Gatwiri alisema, akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimeoshwa.

*

Jumatatu habari ilikuwa imefika hospitalini, sokoni na kwenye ofisi ya kaunti, na kila ilipofika iliongezwa chumvi. Kufikia Jumanne ikawa kumbe ndiyo sababu mbuzi anaowachanja Silas hawafi, na kumbe ndiyo sababu Probox yake, gari kuukuu, inapanda barabara ya Kotile ambako Landkruza hukwama. Watu hawana haya. Mtu aliyemuuzia shetani roho yake angalau angelipwa gari ambalo dirisha lake linafunga.

Yaliyomfika Gatwiri yalikuwa madogo, na madogo ndiyo hukata. Kikundi cha akina mama kwenye simu, ambacho hakijawahi kulala, kilinyamaza siku mbili, maana yake wenzake walikuwa wamefungua kingine. Kwenye mlango wa kanisa, katika orodha ya zamu za maombi, jina la Silas lilikuwa limepakwa wino mweupe wa kufutia, nalo la Gatwiri lililokuwa chini yake likapakwa nusu, kama mtu aliyeanza akasita. Na alipopita nyuma ya nyumba ya mchungaji akielekea shuleni, aliona vitambaa vyake vikining'inia kwenye kamba. Caro alikuwa amevifua upya, na hakuvifua kwa sabuni. Harufu ya dawa ya kung'arishia nguo ilifika barabarani. Mashuke yale ya ngano, manjano aliyoichagua duka kwa duka mpaka Thika, yalikuwa yamefifia mpaka yakawa rangi ya uji.

Gatwiri alisimama hapo kitambo. Alitaka kulia, akaona si mahali pake, akaendelea na safari. Siku hiyo alifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, na hakuna mtoto aliyethubutu kukosea.

Saa ya chakula cha mchana simu yake ililia. Alikuwa Kanana, dada yake Silas, aliyefiwa na mume mwaka uliopita huko Meru.

"Wifi," Kanana alisema, akicheka na kulia kwa pamoja, "mwambie ndugu yangu nimepanda mahindi. Simu yake haipatikani. Mwambie nimepanda mpaka kwenye mpaka wa zamani."

Gatwiri alimwuliza mpaka gani. Kanana alishangaa kwamba wifi yake hajui. Ndipo yote yakatoka. Mashemeji zake walikuwa wamekwishakata miti ya mpakani na kumwambia yeye na watoto warudi kwao. Kesi ilipelekwa kwa wazee. Silas alikwenda mara mbili kumsemea, na mara mbili alikaa nje kwenye nyasi pamoja na wavulana, kwa sababu hakuwa ameingia, na asiyeingia hakai penye kikao hicho hata awe na digrii. Mara ya tatu aliingia. Kanana hakujua alichosema humo ndani. Alijua tu kwamba wazee walipotoka, walikwenda shambani na kuusimika mpaka ulipokuwa.

"Sasa tunalala bila kufunga mlango kwa jembe," Kanana alisema.

Gatwiri aliketi kwenye chumba cha walimu na chai iliyopoa. Alimfurahia Kanana kwa moyo wote, hilo liandikwe. Pia alimkasirikia Silas maradufu. Jambo jema kama hilo, naye akalifungia pamoja na mengine, mke wake akalisikia kwa simu, katikati ya kengele mbili. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Silas alikuwa ameficha hata kile ambacho watu wangekivulia kofia.

*

Kamati ya kanisa ilikutana Jumatano saa kumi, chini ya kibanda cha mabati, kwenye viti vya plastiki vinavyonata mapajani. Walikuwa saba. Mchungaji Musembi, Mkamba mwembamba aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuitwa, aliomba kwa kifupi. Kisha Mutuku, katibu, alisimama na kusoma kutoka daftari lake.

Mutuku si mtu mbaya. Ni mtu wa kanuni, na alizisoma zote: Mkristo hatumikii mabwana wawili, Mkristo haapi, Mkristo hana ushirika na mambo ya gizani. Akamaliza kwa pendekezo. Silas alete ile kofia na usinga Jumapili, avichome mbele ya kanisa, na baada ya hapo uzee wake uendelee kama ulivyopangwa.

Silas aliomba kujibu akiwa ameketi. Alisema kofia si yake kuchoma, alipewa na wazee aliowakuta, naye hachomi kitu cha wenyewe. Uzee wa kanisa aliwarudishia kwa shukrani, maana alikuwa hajaupokea. Kisha akawauliza jambo. Kwao Meru wamo wachungaji waliozeeka na Biblia mkono mmoja na usinga mkono wa pili, na makanisa yao yamewazika kwa heshima. Je, wale wote walikuwa gizani?

"Wale si wa hapa," Mutuku alisema.

Gatwiri alikuwa ameitwa kama shahidi, yaani aseme kwamba hakujua. Alisema hakujua. Kisha hakuketi.

"Kuna jambo lingine. Wifi yangu Kanana ni mjane."

"Mama Kendi," Silas alisema. Ilikuwa sauti ya kumzuia.

Gatwiri alimgeukia. "Mimi sikuapa, Baba Kendi."

Akawaeleza yote, miti iliyokatwa, mara mbili za kukaa nje kwenye nyasi, mahindi yaliyopandwa mpaka mpakani. Aliwaeleza kama anavyofundisha, bila kupamba. Hata Mutuku aliweka kalamu chini. Silas alitazama sakafu, na masikio yake yaliwaka kwa aibu ya mtu anayesifiwa kwa jambo aliloahidi kulinyamazia.

Mchungaji Musembi alisogeza kiti chake mbele. Alipoanza kusema alimtazama Silas tu.

"Hilo ni jema, na sitalisema vibaya. Mjane kurudishiwa shamba ni kazi ya Mungu hata ikifanywa na nani. Lakini ndugu yangu, tazama tunapoabudu. Wewe unajua kwa nini tuna meza pale langoni. Unajua tuliwazika akina nani baada ya lile shambulio. Hapa tunaishi kwa sababu kila mmoja wetu huweka mkoba wake mezani na kusema, angalieni. Sahro si wa dini yetu, naye humwaga mkoba wangu kila Jumapili. Sasa nitawaambiaje watu hawa wamfuate mzee mwenye mfuko mmoja usiofunguliwa? Sisemi kuna nyoka humo. Nasema sijui, na wewe unaniambia nisiulize."

Maneno hayo yalimchoma Gatwiri, kwa sababu yalikuwa yake. Ni yeye angeyasema Jumapili mchana kama angekuwa na utulivu wa mchungaji. Lakini hakupenda kuyasikia kinywani mwa mwingine yakimpiga mume wake, kwa hiyo akasimama tena.

"Mchungaji, na kikao hiki je? Tukitoka hapa, Mama Mchungaji atakuuliza tulisema nini. Utamwambia?"

Mtu mmoja alikohoa. Mchungaji Musembi alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu aliyepata swali zuri darasani.

"Sitamwambia, mwalimu. Umenishika. Lakini akiniuliza niliapa kwa jina la nani siku ya kuwekewa mikono, nitamjibu kabla hajamaliza."

Wote wakamgeukia Silas. Gatwiri naye alimgeukia, ila yeye hakuwa akilitaka jibu kwa ajili ya kamati. Kama angelijibu hapo, hata kwa neno moja, yeye angemsamehe yote.

"Siwezi," Silas alisema. "Si leo. Nitakwenda kwa wazee niwaulize kama hilo moja naweza kulisema. Wakiniruhusu, nitalisema hapa. Wakinikatalia, nitawaambia kwamba wamenikatalia."

Ikaamuliwa. Kofia haichomwi, maana penye wazee hapaharibiki neno na wengi waliona moto haufai. Uzee wa kanisa unasimamishwa. Silas atakaa chini ya nidhamu kwa miezi sita bila kushiriki meza ya Bwana. Gatwiri, kwa kuwa hana hatia, atarudishiwa vitambaa, ila Jumapili ya meza asimame mbele ya kanisa aseme kwamba hakujua na kwamba amejitenga na jambo hilo.

"La kwanza nitasema kwa sababu ni kweli," Gatwiri aliwaambia. "La pili bado sijalifikia."

Mutuku hakujua aandike nini. Akaandika, "Mwalimu amekubali kiasi."

*

Kwa wiki tatu Gatwiri na Silas waliishi kama majirani wema. Walizungumzia maji ya tangi, karo ya Kendi, na kama mvua ya Wajir itashuka. Silas aliomba ruhusa kazini aende Meru, ikakataliwa mpaka chanjo ya ngamia iishe. Usiku alikoroma kama kawaida, na hilo pia lilimuudhi Gatwiri. Vitambaa vililetwa vikiwa vimekunjwa vizuri. Hakumlaumu Caro, alitafuta uzi wa manjano dukani kwa Wasomali, akapata wa rangi ya kutu, akaanza kuyatarizi upya yale mashuke. Alikuwa amemaliza pembe moja tu Jumapili ya meza ilipofika.

Langoni Sahro alifungua kikapu kipya, akatoa vitambaa kwa vidole viwili, akaviweka mezani. Akaona pembe iliyotariziwa upya, akaipitishia kidole.

"Hii ni nzuri kushinda ile ya kwanza," alisema. Kisha akasogea karibu, maana foleni ilikuwa na masikio. "Mwalimu, mimi nakuambia kitu. Mume yangu akiitwa maslaha na wazee, ile kikao ya kumaliza ugomvi, anakaa siku tatu, siku nne. Akirudi siulizi wamesema nini. Nauliza moja tu. Imeisha fizuri? Akisema ndiyo, nabika chai."

"Na akikataa kujibu?"

"Nabika chai." Sahro alirudisha vitambaa kikapuni, akavilaza sawasawa. "Lakini sukari, hakuna."

Gatwiri aliingia ndani akicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na waliomwona wakashindwa kuelewa ni mwanamke wa namna gani huyu.

Alitandika meza. Kitambaa kikubwa, kisha vidogo viwili, ile pembe yenye rangi ya kutu ikielekea watu, waione. Baada ya nyimbo mchungaji alimwita. Alisimama mbele yao, mikono imetulia, akasema kwa sauti ya darasani kwamba hakujua yaliyokuwa kwenye begi, na kwamba kama angejua asingeweka vitambaa vya Bwana humo. Kanisa lilingoja la pili. Gatwiri aliwatazama mpaka walipoelewa kwamba amemaliza, kisha akaenda kuketi benchi la mbele, mahali pake pa miaka tisa.

Silas alikuwa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, pamoja na watoto wasiobatizwa na kijana mmoja aliyekuwa akingoja ubatizo. Afisa mzima wa serikali, magoti yakigusa kidevu, kwa kuwa benchi lile liliundwa kwa ajili ya watoto. Alikuwa ameketi wima. Hakuna aliyemwona akiinamisha kichwa ila wakati wa sala.

Mkate ukabarikiwa. Mutuku na mwenzake wakachukua sinia. Hapo ndipo Gatwiri aliinuka. Hakwenda mbele, ingawa meza ilikuwa hatua nne kutoka alipo na ni mikono yake iliyoitandika. Aligeuka, akaipita safu baada ya safu katikati ya kanisa, viatu vyake vikisikika kwenye saruji, kidevu kikiwa juu vilevile kama siku alipokuja na begi la buluu. Watu waligeuza shingo, kisha wakazirudisha kwa haya.

Alifika benchi la mwisho, akasimama juu ya mume wake.

"Sogea," alimwambia.

Silas alimtazama. "Wewe hukukatazwa, Mama Kendi."

"Najua. Sogea."

Mutuku alifika na sinia. Alisimama mbele ya Gatwiri, akainamisha mkate kidogo kuelekea kwake, na usoni mwake palikuwa na kitu kama ombi. Gatwiri alitikisa kichwa bila hasira. Mutuku alingoja zaidi ya kawaida, kisha akarudi na sinia mbele, kwenye meza yenye vitambaa vyeupe na pembe moja ya kutu.

"Usidhani nimekusamehe," Gatwiri alinong'ona, macho yakiwa mbele. "Nyumbani chai haina sukari."

"Mpaka lini?"

"Mpaka unijibu nililokuuliza. Chanjo ikiisha, nenda Meru."

Silas aliitikia kwa kichwa. Kisha akamsukuma taratibu mtoto aliyekuwa kando yake, naye akasogea, na Gatwiri akaketi.